Umoja wa kata wa kuwasaidia akina mama wanaonyonyesha: waingie akina nani, na kazi ianzie wapi?

mdau_wa_kata

Habari zenu wadau wa afya ya jamii.

Kata yetu iko Mkoa wa Morogoro. Ina vijiji vinne, watu kama 12,000 na zahanati mbili. Kuna mashamba ya miwa yanayochukua vibarua wanawake msimu wa kazi, na soko la kila siku lenye mama lishe wengi wenye watoto wachanga. Kamati ya Maendeleo ya Kata imeridhia kuunda umoja utakaokutanisha zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa dini, VICOBA vya akina mama, walimu na uongozi wa soko. Lengo ni kila mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila chakula hadi miaka 2 au zaidi.

Hatutaki umoja wa mabango na fulana za Wiki ya Unyonyeshaji, Agosti 1 hadi 7, halafu kimya mwaka mzima. Naomba wenye uzoefu watueleze: nani asikose mezani? Wanasihi, yaani washauri wa kunyonyesha wa kumtembelea mama nyumbani, wawe wangapi, na waende lini? Tufanyeje na soko na mashamba? Na kuna watu wanataka kutuchangia. Tupokee pesa ya nani? Tutajuaje kama kazi inaleta mabadiliko?

---

mnasihi_lishe

Hongereni kwa kupita kwanza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, kwa hiyo taarifa yenu ina mahali pa kusomwa kila kikao.

Kuhusu wa kukaa mezani, orodha yako ni nzuri lakini imejaa viongozi. Mama aliyejifungua juzi hamuulizi mwalimu wala diwani mtoto akilia usiku. Anamuuliza mama mkwe, bibi, jirani aliyezaa mara tano, mkunga wa jadi, au muuzaji wa duka la dawa. Hao ndio wanaotoa ushauri kila siku kijijini, uwe mzuri au mbaya, na wakikosekana mezani wanasihi wenu watasema jambo asubuhi na jioni litafutwa. Chukueni bibi wawili wanaosikilizwa kutoka kila kijiji, na wauza maduka ya dawa wote wa kata, maana hawazidi wachache. Wanaume nao waingie, lakini wawe wale wenye watoto wadogo nyumbani. Baba anayeamua kununua kopo la maziwa, au anayemwachia mkewe kuchota maji siku ya nne baada ya kujifungua, ana nguvu kubwa kwenye jambo hili kuliko hotuba yoyote.

Sasa hesabu ya wanasihi. Kwa watu 12,000, tarajieni watoto kama 400 wanaozaliwa kwa mwaka, yaani 33 hadi 35 kwa mwezi. Mkipanga kumtembelea kila mama mara 7, mtahitaji ziara kama 240 kila mwezi. Wanasihi 24, sita kila kijiji, watapata ziara 10 kila mmoja, na hiyo ni kazi anayoweza kuibeba mtu mwenye shamba na familia yake. Mkianza na wanasihi 8, kila mmoja atakuwa na ziara 30, na ndani ya miezi mitatu watabaki wawili. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawe wasimamizi wao, maana tayari wana kazi za chanjo, malaria na nyinginezo.

Ziara ya kwanza iwe mimba ikiwa na miezi 7 au 8, na bibi au mama mkwe awepo. Ya pili ndani ya saa 48 baada ya mama kurudi nyumbani. Ya tatu siku ya 7. Ya nne wiki ya 3, ya tano wiki ya 6, ya sita wiki ya 10, na ya saba mwezi wa 5. Ratiba hii inafuata nyakati ambazo kunyonyesha huvunjika. Siku ya 3 hadi ya 5 maziwa yanajaa, matiti yanauma, chuchu zinachubuka. Wiki ya 3 hadi ya 6 mtoto hulia sana jioni na kutaka titi kila baada ya muda mfupi, na hapo nyumba nzima husema maziwa hayatoshi. Kuelekea wiki ya 12 mama anarudi kazini. Miezi 4 na 5 uji unaanza kwa sababu mtoto ameanza kuangalia chakula cha wakubwa.

Msikubali mtu awashauri kupunguza ziara ili kufikia akina mama wengi zaidi. Utafiti wa Mexico uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha ziara 6, ziara 3 na kutotembelewa kabisa. Mtoto alipofikisha miezi 3, waliokuwa wakinyonyesha maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 67, asilimia 50 na asilimia 12, kwa mpangilio huo. Dhaka, Bangladesh, ambako mama alitembelewa mara 15, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalikuwa asilimia 70 kwa waliotembelewa na asilimia 6 kwa wasiotembelewa, mtoto akiwa na miezi 5. Karibu na kwetu, Mbale nchini Uganda, wanawake wa kawaida waliofundishwa muda mfupi walitembelea kila mama angalau mara 5. Kwenye wiki ya 12 walipata asilimia 82, na wale wasiotembelewa asilimia 44. Utafiti huohuo ulifanyika pia Afrika Kusini, na huko tofauti ilikuwa ndogo mno, asilimia 10 kwa 6. Wakati ule kliniki za umma kule zilikuwa zikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye VVU. Ziara zinafanya kazi pale ambapo mazingira mengine hayazipingi, ndiyo maana mnahitaji umoja na si wanasihi peke yao.

---

muuguzi_mkunga

Nakubaliana na ratiba, ila kabla ya ziara za nyumbani angalieni chumba cha kujifungulia cha zahanati zenu. Mkimtuma mnasihi siku ya pili kwa mtoto ambaye ameshapewa glukosi au maziwa ya kopo wodini, mmeanza nyuma.

Mtoto mzima akitoka anapanguswa, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wote wawili wanafunikwa, na anaachwa hapo bila kuondolewa angalau saa nzima. Kupima uzito, sindano ya vitamini K na dawa ya macho vinasubiri. Kinachokwamisha mara nyingi ni haraka ya kumaliza shughuli za chumba, mhudumu akiwa peke yake zamu ya usiku. Umoja wenu unaweza kuomba kamati ya usimamizi ya zahanati iruhusu mwenza wa kujifungua, mwanamke mmoja aliyechaguliwa na mama, abaki naye na kulinda saa hiyo. Haigharimu chochote zaidi ya pazia. Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza kuwekewa mtoto kifuani mara anapokuwa macho na hali yake imetulia, akisaidiwa kumshika.

Wanasihi wafundishwe kwa kuangalia mtoto akinyonya kweli. Mafunzo ya darasani ya siku tano bila kwenda wodini na kliniki hayatoshi. Kila mwanafunzi aangalie akina mama kadhaa wakinyonyesha, mbele ya mkunga anayemsahihisha. Akifika nyumbani aoshe mikono, akae chini kuliko mama, atazame kwanza bila kugusa. Mwili wa mtoto uwe umenyooka, yaani sikio, bega na nyonga kwenye mstari mmoja, tumbo lake likigusana na la mama, na mwili wote umebebwa, si kichwa tu. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini. Mashavu yakiingia ndani, au ukasikia milio ya kulamba, mtoto ameshika chuchu tu. Hapo mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo, amtoe, aanze upya: chuchu iguse mdomo wa juu, asubiri mtoto afungue kama anapiga mwayo, ndipo amlete titini. Mtoto ndiye aletwe kwenye titi. Mama akiinama kumfuata, mgongo utauma na mtoto atateleza.

Chuchu zilizochubuka chanzo chake karibu kila mara ni hicho cha kushika vibaya. Mafuta na dawa za kupaka havisaidii kama mtoto anaendelea kushika chuchu tu. Rekebisha anavyoshika, mama apake matone ya maziwa yake mwishoni na kuyaacha yakauke, asisugue kwa sabuni. Matiti yaliyojaa na kuwa magumu: kitambaa cha uvuguvugu kidogo kabla, akamue kiasi tu cha kulainisha sehemu nyeusi ili mtoto aweze kushika, kisha kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha. Akiona sehemu nyekundu yenye moto pamoja na homa, aendelee kunyonyesha, na kama hajapata nafuu ndani ya saa 24 aende zahanati. Kuacha ghafla kunyonyesha titi hilo ndiko kunakoongeza hatari ya jipu.

Kila mnasihi ajue kwa moyo dalili za mtoto anayepata maziwa ya kutosha: ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana, kuanzia siku ya 5 anakojoa mara 6 au zaidi, mkojo mweupe, anarudi kwenye uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili, na baada ya hapo anaongezeka angalau gramu 500 kila mwezi. Kulia si kipimo. Matiti kuwa laini baada ya wiki chache si kipimo. Kadi ya kliniki ndiyo iangaliwe kabla ya mtu yeyote kutamka neno "hayatoshi". Mtoto anayelala mno bila kuamka kunyonya, mwenye macho au ngozi ya njano, mwenye homa au anayepumua haraka, huyo si wa kunasihiwa nyumbani, apelekwe kituoni saa hiyohiyo.

---

mdau_wa_kata

Asanteni sana, hii ya mabibi hatukuwa nayo. Mambo mawili yanatutatiza. Huku watoto wengi hupewa dawa ya chango na maji ya kupoza kiu tangu wiki ya kwanza, na mama akikataa anaonekana hana heshima. La pili, kwenye vikundi kutakuwa na akina mama wanaoishi na VVU. Tuseme nini bila kumwaga siri ya mtu?

---

lishe_jamii_TZ

Chango na kiu msipambane navyo kwa kumwambia mama "kataa". Anaishi kwenye nyumba ya mkwe wake. Zungumzeni na bibi mwenyewe, mkimwamkia inavyopasa na kumpa kazi yenye uzito: yeye ndiye mlinzi wa arobaini, ahakikishe mkwe anakula, anakunywa, anapumzika, na kwamba hakuna jirani anayemtia mtoto kitu kinywani. Kisha elezeni sababu. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, kwa hiyo siku ya joto dawa ya kiu ya mtoto ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi. Tumbo la mtoto wa siku moja linachukua takriban kijiko kimoja cha chai kwa mlo. Kijiko cha maji kinachukua nafasi ya dang'a yote (maziwa ya kwanza ya mama) ya mlo ule, na kinaweza kuingiza vijidudu. Mtoto akishiba maji hanyonyi, titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza, na baada ya wiki moja maziwa yanakuwa kweli yamepungua. Bibi akiuona mnyororo huo anaelewa haraka, kwa sababu amewahi kuuona kwa macho yake bila kuambiwa chanzo. Mtoto anayejikunja jioni abebwe wima baada ya kunyonya, alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mtu mzima aliye macho, asuguliwe mgongo taratibu.

Kuna na suala la kubemenda, msiliruke kwa aibu. Familia nyingi huamini tendo la ndoa humharibia mtoto maziwa, na mtoto akikonda mama hulaumiwa, wakati mwingine hadi kumwachisha titi. Baba na mama waambiwe wazi kwamba tendo la ndoa halibadilishi maziwa, na kinachohitaji kupangwa ni mimba inayofuata. Kunyonyesha kunakinga mimba iwapo tu mambo matatu yametimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hajafikisha miezi 6. Moja likivunjika, waende kliniki wachague njia nyingine.

Kuhusu VVU, ujumbe wa kikundi uwe mmoja kwa akina mama wote: maziwa ya mama pekee miezi 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema mama mwenye VVU anayetumia dawa zake ipasavyo anyonyeshe maziwa yake pekee miezi 6, kisha aendelee pamoja na chakula angalau mpaka miezi 12, na anaweza kufika miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwatenganisha, na mtu hatajulikana kwa namna anavyolisha. Mnasihi haulizi hali ya mtu, haandiki hali ya mtu kwenye daftari, na hatumii alama ya siri ambayo wiki mbili baadaye kijiji kizima kitakuwa kimeijua. Dawa za mama, dawa kinga za mtoto na kipimo cha mtoto cha wiki ya 4 hadi 6 ni mazungumzo ya kliniki. Mnasihi ahimize akina mama wote kurudi kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, basi. Na ikitokea mama halishi titi kwa ushauri wa daktari, kwa sababu yoyote ile, asihojiwe mbele ya wenzake. Kikundi kinachoaibisha hupoteza kwanza wale waliohitaji msaada zaidi.

---

haki_kazini

Nijibu la mashamba na soko, maana ni mambo mawili tofauti kisheria.

Mwajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa uzazi huo. Akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu anyonyeshe wakati wa saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Baba ana siku 3 ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Siku 84 ni wiki 12 kamili na mtoto anahitaji wiki 26, kwa hiyo hizo saa mbili ndizo daraja pekee. Tatizo ni vibarua wanaoletwa na mkandarasi: msimamizi wa zamu hajasikia habari za saa mbili. Umoja usiende kudai kwa jumla. Nendeni na barua ya mtendaji wa kata na ombi la vitu vinavyoonekana: kivuli chenye mkeka, mbali na mahali dawa za kunyunyizia zinapohifadhiwa au kuchanganywa, maji na sabuni, mlezi mmoja wa watoto, na saa mbili ziandikwe kwenye ratiba ya zamu, mfano nusu saa mara nne. Isipoandikwa, anayeondoka kwenda kunyonyesha ataonekana mtoro.

Mama lishe hana mwajiri, kifungu hicho hakimgusi. Hapo mnazungumza na uongozi wa soko: kibanda kimoja kilichowekewa pazia, viti viwili vyenye egemeo, maji ya kunawa. Kiwe karibu na majiko yao. Hakuna atakayeacha sufuria motoni aende upande wa pili wa soko.

Ziara ya wiki ya 10 iwe ya kujifunza kukamua. Chombo chenye mdomo mpana na mfuniko kioshwe kwa sabuni na kumwagiwa maji yaliyochemka. Dole gumba juu, kidole cha shahada chini, sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kuteleza juu ya ngozi. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia la pili, rudia, jumla dakika 20 hadi 30. Mtoto wa kilo 5 anahitaji takriban mililita 750 kwa siku, kwa hiyo mama akiwa mbali kwa muda wa saa 9 aache kama mililita 300. Kwa joto la Morogoro maziwa hayo yatumike ndani ya saa 4. Vitini vinavyotaja saa 8 vinafaa kwa chumba cha baridi. Yasichemshwe, kikombe kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Mlezi alishe kwa kikombe, si chupa, kwa sababu chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha na mtoto anaweza kuanza kulikataa titi.

---

mnasihi_lishe

Narudi kwenye pesa na vipimo, hayajajibiwa.

Andikeni kwenye katiba yenu, kabla hamjapokea senti, kwamba hamchukui fedha, zawadi, chakula cha semina wala fulana kutoka kwa watengenezaji au wauzaji wa maziwa ya kopo, vyakula vya watoto, chupa na chuchu bandia. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza kuvitangaza kwa umma na kugawa sampuli kwa akina mama, na Tanzania ina kanuni zake tangu mwaka 1994, zikaandikwa upya mwaka 2013. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula uko Shirika la Viwango Tanzania (TBS), huko ndiko mpeleke malalamiko mkiona tangazo au ofa dukani. Hapa wauza maduka mliowaweka mezani watakuwa macho yenu.

Pesa halali ipo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga kutoka mapato ya ndani angalau Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Kata yenu ina watoto kama 1,900, hivyo zungumzeni na Afisa Lishe wa halmashauri mkiwa na hesabu ya Sh 1,900,000 mkononi. Haitakuja yote kwenu, lakini mtakuwa mnajadiliana kwa takwimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ombi lipite vikao vya vijiji na kata kabla ya Desemba kuisha. Matumizi yenu makubwa yawe mafunzo ya vitendo, nauli za wanasihi wa vitongoji vya mbali, na kikao cha kila mwezi cha kuwasikiliza. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo tayari kila robo mwaka, msianzishe mkusanyiko mwingine.

Vipimo: siku za kliniki, muulizeni kila mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6, "Tangu jana asubuhi wakati kama huu, mtoto amepewa nini?" Halafu mtaje kimoja kimoja: maji, dawa ya chango, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya kopo, juisi, uji. Ukiuliza "unanyonyesha maziwa yako pekee?" wote watasema ndiyo, na maji hayatatajwa kwa sababu hawayahesabu kuwa chakula. Dawa za hospitali, matone ya vitamini na ORS havivunji hesabu. Dawa ya chango inavunja.

Gaweni majibu kwa umri: miezi 0 hadi 1, 2 hadi 3, na 4 hadi 5. Kitaifa watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama pekee walipanda kutoka asilimia 59 katika utafiti wa mwaka 2015-16 hadi 64 mwaka 2022, ila wastani huo unaficha anguko la miezi 4 na 5, na pale ndipo kazi yenu itaonekana au kutoonekana. Pimeni kabla ya ziara ya kwanza kabisa, mkiuliza watoto wasiopungua 60, ishirini kila kundi, kisha kila baada ya miezi 6 kwa maswali yaleyale. Anayeuliza asiwe mnasihi wa mama huyo, maana mama atamjibu anachotaka kusikia. Kwenye daftari la kaunta la kila mnasihi ziwepo safu tano tu: namba ya mama, tarehe ya kuzaliwa mtoto, tarehe ya ziara, tatizo lililoonekana, kilichofanyika. Msimamizi akiona ziara ya saa 48 imekosekana kwa watoto watatu mfululizo kitongoji kimoja, aende yeye mwenyewe akaangalie. Huenda mnasihi anapata taarifa za uzazi kwa kuchelewa, na dawa yake ni zahanati kumpigia simu siku ileile mama anaporuhusiwa.